Tunamsema anayejichubua, tunamwacha anayemtazama

Kila Shirika la Viwango Tanzania (TBS) linapoteketeza shehena ya vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye viambato vilivyopigwa marufuku, maboksi hayajamaliza kuungua kabla maoni hayajaanza kumiminika mtandaoni, na karibu yote yanaimba wimbo mmoja: wanawake wajikubali, Mungu hakukosea, uzuri wa kweli ni tabia. Wimbo huo umepata nguvu zaidi tangu nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilipokutana Geneva mwaka 2023 na kukubaliana kwamba ikifika 2025 kusiwe tena na kipodozi chochote kilichotiwa zebaki kinachotengenezwa, kuingizwa nchini wala kupelekwa nje. Kabla ya hapo mkataba ulivumilia sehemu moja ya zebaki katika milioni. Sasa hata hiyo imeondolewa. Tanzania ni mwanachama, mwaka wenyewe umefika, na krimu bado zinapatikana kwa anayejua wapi pa kuulizia. Basi watu wanahitimisha kwamba tatizo limebaki kwa watumiaji: sheria ipo, elimu ipo, wao tu ndio hawataki kujipenda.

Mimi naunga mkono marufuku, na sina ubishi kwamba uzuri wa mtu haukomei kwenye ngozi. Ninachokataa ni mlango tunaoubisha. Tunamwendea anayejichubua na kumhubiria uzuri wa moyoni, kana kwamba yeye ndiye aliyeketi akaamua kipi kizuri na kipi kibaya. Maneno hayo yalitakiwa yafike kwa wanaomtazama: wanaomsifia, wanaomwajiri, wanaomposea kijana wao, wanaompanga mstari wa mbele kwenye picha. Kuona uzuri usio wa sura ni kazi ya macho ya mtazamaji. Ukimtwika kazi hiyo anayetazamwa, umempa faraja tu, na faraja hailipi kodi ya chumba.

Kwanza mkorogo wenyewe, maana wengi wanaousema hawajauona ukikorogwa. Jina limesema kweli. Katika saluni ya kawaida ya uswahilini unaukuta kwenye kopo la plastiki lisilo na lebo, rangi kama maziwa ya mgando yaliyokaa, na ndani yake zimo krimu tatu au nne zilizokamuliwa na kuchanganywa na losheni ya kawaida ili zijae. Anayekoroga hana mizani, anatumia kijiko na uzoefu. Kati ya hizo krimu, inaweza kuwepo yenye zebaki, ambayo huizuia ngozi kutengeneza melanini, yaani ile inayoipa rangi yake, kisha inapenya mwilini na kwenda kuziumiza figo. Yenye haidrokwinoni hung'arisha mwanzoni, lakini ikitumika muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi yenye ubuluu kwenye mashavu, yaani ugonjwa wa kinyume kabisa na alichokinunua. Na ipo yenye steroidi kali kama klobetasoli, dawa ambayo daktari huiandika kwa pumu ya ngozi, ipakwe kidogo kwa muda mfupi. Ikipakwa mwili mzima kwa mwaka, ngozi inakonda mpaka mishipa inaonekana, michirizi inatokea mapajani na mikononi, na kidonda kinachelewa kufunga. Vifundo vya vidole, viwiko na magoti hubaki vilevile, na hapo ndipo mtaa unapochukua utani wake: uso wa Fanta, vidole vya Coca-Cola. Mwenye uso huo anausikia. Anachofanya ni kuongeza dozi kwenye vidole.

Sasa hoja. Dhaifu kuliko zote ndiyo maarufu kuliko zote, kwamba anayejichubua hajiamini. Ingekuwa kweli, tungetarajia kuwakuta watumiaji wakiwa watu wanyonge waliojificha ndani. Mimi nawaona watu wa mjini, wenye shughuli, wanaojua bei ya kila kitu na faida yake. Dada wa mapokezi aliyeona nani amepandishwa kutoka jikoni kwenda mbele ya wateja hakuhitaji mwanasaikolojia wa kumweleza kilichotokea. Alihesabu. Mwanamuziki anayetafuta mabinti wa kucheza kwenye video naye anahesabu, na mabinti wanajua anavyohesabu. Unaweza kusema hesabu hiyo ina gharama asizoziona, nami nitakubali. Lakini kumwambia ajiamini ni sawa na kumwambia mchuuzi kwamba bei ya soko imo kichwani mwake tu.

Na soko lenyewe linafunguliwa mapema kuliko tunavyokiri. Nilikwenda kumpongeza mpwa wangu aliyejifungua, mtoto ana siku tisa. Shangazi mmoja wa upande wa baba akampokea mtoto, akamsifu kwa bismillahi kama inavyopasa, kisha akakunja sikio dogo kwa kidole gumba akaangalia ukingo wake wa juu. Akatoka hapo akaenda kwenye mzizi wa kucha. Chumba kizima kilikuwa kimya kikisubiri majibu, kama mtu anayesubiri karatasi ya maabara. "Huyu atakuwa na rangi ya baba yake," akasema, na akamrudisha. Baada ya muda kidogo akaongeza, "Lakini pua anayo." Kila mtu akacheka, mama mtoto naye akacheka, kisha akavuta kofia ya mwanawe taratibu mpaka masikio yakafunikwa. Yule mtoto ni wa kike. Akifika miaka kumi na nane akanunua kopo, tutamuuliza kwa nini hajikubali.

Lile "lakini" la shangazi si la kwake peke yake. Tunasema "ni mweusi lakini mzuri" bila kusita, na sijawahi kumsikia mtu akisema "ni mweupe lakini mzuri." Aliyetoka kijijini akarudi baada ya mwaka ameng'aa kidogo kwa kukosa jua la shamba tunampokea kwa "mji umekukubali" au "umetakata", na kutakata ni neno la usafi: nguo hutakata, nyumba hutakata. Kwa hiyo rangi iliyotangulia ilikuwa nini, uchafu? Kuna jambo linanichekesha na kuniuma pamoja: hata tunapotaka kusifu tabia tunasema fulani ana moyo mweupe. Tunamhubiria mtu asijichubue usoni huku tumeshauchubua moyo wenyewe. Sidai tuanze kupiga msasa kamusi. Nasema tu kwamba anayesikia lugha hii tangu siku ya tisa hajazua chochote siku anapokwenda saluni.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, kwamba haya ni mabaki ya ukoloni na utumwa. Hakuna mwenye akili atakayelikana hilo. Mzungu aliweka rangi kwenye shule, kwenye hospitali, kwenye mabehewa ya treni na kwenye mshahara. Na sisi wa pwani tukiwa wakweli tutaongeza kwamba kabla ya Mjerumani na Mwingereza kulikuwa na ngazi nyingine, ya muungwana na mtumwa, ambamo nasaba ya ng'ambo ilikuwa sifa na weusi ulikumbusha njia ya misafara kutoka bara. Maelezo hayo ni sahihi. Shida yake ni kwamba mara nyingi yanaishia kuwa amri ya kurudi kwenye "uasilia wetu", na amri hiyo tuliwahi kuijaribu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana, ianze Januari 1, 1969. Katika orodha ya vilivyokatazwa kulikuwa na sketi fupi, suruali za kubana, mawigi, na krimu za kung'arisha ngozi. Nia ilielezwa kuwa ni kulinda utamaduni wa taifa. Kilichoonekana barabarani kilikuwa vijana wa kiume wakiwasaka wasichana Kariakoo na kwenye vituo vya mabasi, wakiwazomea na kuwachania nguo. Mashindano ya Miss Tanzania nayo yakalala, hayakurudi mpaka 1994. Zaidi ya nusu karne baadaye krimu ziko pale pale. Kwa maoni yangu sababu moja kubwa ni hii: operesheni ile iliwakagua wanawake, haikuwakagua wanaume waliokuwa wakiwachagua. Maoni ya leo chini ya picha za TBS yana harufu ileile, tofauti ni kwamba mgambo sasa ana simu.

Lakini nadhani hoja ya ukoloni pia inaacha jambo moja ambalo Tanzania, kuliko nchi nyingi, ilipaswa kuwa imelitafakari. Kama tunapenda weupe kwa sababu ya weupe, basi watu wenye ualbino wangekuwa wafalme wetu. Badala yake, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, hasa Kanda ya Ziwa, waliwindwa, wakakatwa viungo na kuuawa kwa imani za kishirikina, mpaka dunia ikatujua kwa hilo. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shymaa Kway-Geer, mwenye ualbino, kuwa mbunge, jambo lenye heshima yake, na bado mtaani mtoto mwenye ualbino anaitwa kwa neno ambalo kisarufi ni la kitu. Ngozi yake haina melanini ya kutosha, ile ile ambayo dada wa saluni analipia iondoke. Jua linamletea saratani. Pale Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, ndipo ilipoanza kutengenezwa losheni ya Kilisun ili kumkinga. Weka makopo mawili mezani: la Moshi, linalompa mtu kinga aliyoikosa kwa kuzaliwa, na la saluni, linalomwondolea mwenzake kinga hiyo hiyo kwa fedha. Kwa hiyo rangi yenyewe haikuwa na uzuri wowote ndani yake wakati wote. Tulichokuwa tukikipenda ni cheo, na cheo hicho tunakitambua kwa ngozi pale tu kinapoambatana na nywele fulani, pua fulani, ukoo fulani. Jicho linalomwona mweupe mmoja kuwa mrembo na mweupe mwingine kuwa mkosi halitazami rangi.

Ipo hoja ya tatu, ya uhuru, nayo naiheshimu: mwili wake, fedha yake, mbona hamuwasemi wanaovaa nywele za bandia, kucha za bandia, wanaojichora wanja mpaka kwenye nyusi? Kwa wigi na kucha nakubaliana nayo kabisa, na ningependa wahubiri wa uasilia wawaache watu wapumue. Ila zebaki inaharibu hoja hiyo kwa sababu haikai kwa mwenye mwili. Inahamia kwenye taulo, kwenye shuka, kwenye mikono inayombeba mtoto, na imewahi kukutwa mwilini mwa watu wa nyumba moja na mtumiaji ambao hawakupaka chochote. Mjamzito humfikishia aliye tumboni. Hapo serikali ina haki ya kuingia, sawasawa na inavyoingia kwenye maji ya kunywa, na ingefaa ijieleze kwa lugha hiyo ya afya, iache kutuhubiria maadili.

Narudi kwenye kauli kwamba uzuri ni tabia, ambayo nimeisema vibaya kiasi cha kuonekana naikana. Siikani. Kiswahili chenyewe kinaishikilia kwa namna ambayo wengi hawaijali. Neno hisani linatoka kwenye shina la Kiarabu lenye maana ya uzuri, na kwetu limekuwa jambo unalomtendea mtu. Jamala vivyo hivyo: huko lilikotoka shina lake ni uzuri, hapa ni wema na adabu. Haiba lilikuja na maana ya kuogopwa kwa heshima, leo linataja mvuto wa mtu na hulka yake kwa pamoja, hata vitabu vya saikolojia vinalitumia hivyo. Ukiyapanga maneno haya utaona mwelekeo. Yalipopita mikononi mwa watu wa pwani yalitoka kwenye kile mtu alichonacho yakaenda kwenye kile anachowafanyia wengine. Na hakuna aliyeona kwamba hilo linagombana na urembo. Mwana Kupona wa Pate, alipomtungia bintiye wasia mwaka 1858, alitanguliza dini na adabu ya ulimi, kisha akaingia kwenye hina, manukato na nywele bila aibu yoyote. Kungwi anafundisha hivyohivyo mpaka leo. Kikuba cha asumini na rehani huvaliwa kwa ajili ya anayekaribia, udi hufukizwa kwa ajili ya anayeingia. Urembo wa aina hiyo ni ukarimu, nao haukuli mwenyewe.

Tatizo ni kwamba uzuri wa aina hiyo unahitaji muda na ukaribu ili uonekane. Hisani haipigwi picha. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kizuri nacho kinajitembeza tangu alfajiri, kwa sababu asiyejitembeza kwenye simu haonekani. Mtu unayemwona kwa sekunde mbili kwenye kioo cha mkononi huwezi kumwona kwa haiba, utamwona kwa kinachoshika mwanga. Watu wanasema basi macho ya binadamu ndivyo yalivyo, hayabadiliki. Yanabadilika. Mwaka 2007 Flaviana Matata alipanda jukwaa la Miss Universe, Mexico, akiwa na kipara, akaingia kumi bora. Kichwa kilichonyolewa kwa msichana wa Kitanzania kilikuwa kanuni ya shule tu, jambo la kusubiri umalize kidato cha nne ulisahau. Ghafla kikawa kitu cha kuombwa saluni. Kichwa kilikuwa kilekile, waliobadilika ni waliokitazama.

Kwa hiyo kama tunamaanisha tunachosema, kazi iko sehemu zisizopendeza kuposti. Iko kwenye tangazo la kazi linalotaka mhudumu "awe na mwonekano wa kuvutia" bila kusema kuvutia kwa nani, na kwa meneja anayetafsiri mstari huo kwa macho yake. Iko kwa anayechagua nani atangaze sabuni. Iko kwa shangazi na sikio la mtoto, na kwa sisi wengine tuliokuwa chumbani tukacheka, mimi nikiwemo. Na iko hospitali, jambo ambalo halisemwi kabisa. Aliyetumia steroidi kwa miaka haachi kwa siku moja kwa kuwa ameguswa na mahubiri. Ngozi iliyozoea dawa ikikatishwa ghafla inalipuka: inakuwa nyekundu, inawaka, inatoa vipele, na rangi inarudi kwa mabaka. Daktari wa ngozi anayeijua kazi yake humpunguzia hatua kwa hatua, hamkaripii, kwa sababu akimkaripia hatarudi, na asiporudi atalirudia kopo kwa kuwa ndilo linalotuliza moto ndani ya saa chache.

Kipindi hicho kinaweza kuchukua wiki, na kwa wengine miezi. Uso wake utakuwa mbaya kuliko ulivyokuwa siku alipoanza, na shughuli hazitasimama kumsubiri. Kutakuwa na kicheni pati, kutakuwa na sendofu, michango ameshatoa, sare ameshashona. Mpiga picha atasema dada zake bibi harusi wasogee mbele. Kamati ile ile iliyokuwa ikimvuta mkono alipokuwa anang'aa ndiyo itakayoamua asimame wapi akiwa na mabaka, na wale waliomwandikia ajikubali watakuwa wamekaa meza ya pili, wanatazama.